Mgonjwa Akitoka ICU, Usimwache Hapo

Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na kosa langu la mwanzo nikiwapigia simu waliotoka huko lilikuwa kuuliza, "Unaendeleaje?" Kila mtu hujibu, "Namshukuru Mungu," na simu inaishia hapo. Siku hizi nauliza mambo ya mwili. Unainuka kitini bila kushika kitu? Ukipanda ngazi unapumzika mara ngapi? Maji yanakupalia? Aliyewekewa mpira wa kupumulia anaweza kubaki na sauti ya kukwaruza au shida ya kumeza, akadhani ndivyo ilivyo.

Mpigie mapema, kisha mwite kliniki miezi 2 hadi 3 baada ya kuruhusiwa. Aje na mfuko wa dawa zote. Mara nyingine nakuta vidonge vya usingizi alivyoanzishiwa wodini, na hakuna aliyekumbuka kuvisimamisha. Mwone daktari kwanza, visikatishwe ghafla.

Kazi kubwa iko kichwani. Mzee mmoja alininong'oneza kwamba tulitaka kumuua. Hakuwa na wazimu: ni ile hali ya kuchanganyikiwa inayowapata wengi wakiwa mahututi, na picha zake hubaki hata baada ya kupona. Nilimsomea siku zake moja moja kutoka kwenye daftari tulilomwandikia kando ya kitanda, kisha nikampeleka akakione kitanda chenyewe. Akacheka kidogo, akalia. Hapo usiharakishe kumbembeleza, nyamaza naye.

Kabla hawajaondoka, mgeukie aliyemsindikiza. Muulize yeye naye analala saa ngapi.