Kupima moshi wa boila kwa analaiza: hakikisha kwanza chombo hakivuti hewa ya nje

Fundi mwenzangu aliniita kwenye boila ya dizeli ya kufulia nguo, hoteli moja ya Kiwengwa. Nozeli mpya, bana (kichomeo) safi, lakini analaiza, yaani chombo cha kupima gesi za moshi, inasoma oksijeni asilimia 9. Akipunguza hewa ya bana, moshi unakuwa mweusi na oksijeni bado iko juu. Bana haikuwa na kosa lolote. Kwa ajili yake, na kwa mafundi wengine wa Unguja na Pemba wanaoanza kutumia chombo hiki, nimeandika hatua hizi.

1. Washia nje

Chombo kikiwaka hujisawazisha kwa hewa inayokizunguka na kuihesabu kuwa ina oksijeni asilimia 20.9 na kaboni monoksidi sifuri. Kwa hiyo kiwashe uwanjani, mbali na jenereta na gari linalounguruma. Ukikiwashia ndani ya chumba cha boila chenye moshi, kaboni monoksidi utakayoisoma baadaye itakuwa pungufu ya ile iliyopo.

2. Jaribu kama kinavuja

Hapa usiwe na haraka. Pampu ikiwa inazunguka, ziba ncha ya probi (bomba la chuma linaloingizwa kwenye dohani) kwa kidole, sekunde chache tu. Mlio wa pampu lazima ubadilike, uwe mzito kama unaokabwa, na vyombo vingi hutoa onyo. Mlio ukiendelea vilevile, kuna mahali hewa inaingia.

Patafute kwa kuukunja mpira unaounganisha probi na chombo. Anza karibu kabisa na chombo: pampu ikikabwa, uvujaji uko mbele zaidi. Sogea kuelekea kwenye probi, kunja tena. Mahali ambapo pampu haikabwi tena, umeshapapita panapovuja. Kwa yule fundi ilikuwa oringi (pete ya mpira) ya kikombe cha kukusanyia maji ya moshi: imekauka, ina ufa mwembamba usioonekana mpaka uinyooshe kwa vidole. Tulipoiweka mpya, oksijeni ikasoma 4 bila kugusa bana.

Usidharau jambo hili, kwa sababu analaiza nyingi hazipimi hewa ukaa (kaboni dioksidi); huikokotoa kutokana na oksijeni. Oksijeni ikidanganya, hewa ukaa na ufanisi wa boila navyo vinadanganya. Kubwa zaidi, hewa ya nje huipunguza kaboni monoksidi inayosomeka kwenye kioo cha chombo. Gesi hiyo haina harufu na inaua, na wewe unaona namba ndogo unaridhika.

Chombo kikifaulu na oksijeni bado iko juu isivyo kawaida, kagua maungio ya dohani kabla ya tundu la kuingizia probi, na gasketi ya mlango wa boila. Tundu lenyewe lizibwe na koni ya probi.

3. Ingiza probi

Ncha ikae katikati ya dohani, palipo na joto kubwa zaidi. Moshi ukiwa mweusi kwa macho, usiingize. Rekebisha kwanza, masizi yataziba filta. Kaboni monoksidi ikipanda kwa kasi, chomoa mara moja, sensa isiharibike.

4. Soma

Subiri namba zitulie. Kwa bana ya dizeli napenda oksijeni kati ya 3 na 5, na kaboni monoksidi chini ya 100 ppm (sehemu kwa milioni). Oksijeni asilimia 4 inaendana na hewa ukaa ya takriban asilimia 12.5.

5. Utunzaji

Ukimaliza, acha pampu ivute hewa safi mpaka oksijeni irudi 20.9. Mwaga maji ya kikombe siku hiyohiyo. Yakifika kwenye sensa, hasara. Wakati wa kupima kikombe kisimame wima. Filta ikiwa ya kijivu, badilisha, usiipige-pige ukairudisha.

Usikiache ndani ya gari juani. Pwani yetu ina chumvi na unyevu, kwa hiyo kifute na ukihifadhi ndani, kwenye mkoba wake.

Sensa ya oksijeni huchakaa hata ikiwa kabatini. Nyingi huisha ndani ya miaka miwili au mitatu. Mimi sinunui chombo ambacho siwezi kubadilisha sensa kwa mkono wangu, wala chenye kikombe kisichoonekana ndani. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kitahakikiwa wapi kila mwaka kwa gesi ya mtungi yenye cheti. Kama ni lazima kivuke bahari, kipeleke wakati wa masika, hoteli nyingi zikiwa zimefungwa na boila zimepoa.