Somo: Kuomba ridhaa ya kuki kwenye tovuti yako, hatua kwa hatua

Wanajamvi, salaam. Natengeneza tovuti za kampuni za utalii hapa Arusha. Mara nyingi naletewa tovuti yenye bango zuri la kuki, lenye rangi za kampuni na kitufe cha "Nakubali", kumbe kila kitu kimeshapandwa kwenye kompyuta ya mgeni kabla hajagusa chochote. Mwenye tovuti anaamini ametimiza sheria ya Ulaya ya kuomba ridhaa. Hajatimiza. Sheria inaangalia kilichotokea kabla mgeni hajajibu.

Kuki, ambazo Google kwa Kiswahili wanaziita vidakuzi, ni vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti inaviacha kwenye kivinjari ili imtambue mgeni akirudi. Lou Montulli wa Netscape alizibuni mwaka 1994 ili kapu la manunuzi lisisahau kilichowekwa ndani. Watu wa matangazo ndio waliozigeuza kuwa jicho la kumfuata mtu tovuti hadi tovuti.

Mbona sheria ya Ulaya imkute mtu wa Arusha? Kwa sababu GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inamfuata yeyote anayewalenga watu walioko Umoja wa Ulaya, hata kama ofisi yake iko Sakina hapa Arusha. Una kurasa za Kijerumani na bei za safari kwa euro? Unawalenga. Nayo kanuni ya kuki zenyewe ni ya zamani zaidi: imo kwenye Agizo la faragha ya mawasiliano la 2002, lililokazwa mwaka 2009 kwa kudai ridhaa kwanza.

HATUA YA 1: Jua tovuti inaacha nini

Usiruke hatua hii. Fungua dirisha la faragha (kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+N), andika anwani ya tovuti yako, na bango likitokea usiliguse. Bonyeza F12, nenda kichupo cha Application, fungua Cookies. Chukua daftari, chora safu nne: jina, mwenyewe, kazi, muda. Ukiona jina linaloanza na wp_woocommerce_session_, hilo ni kapu la duka, linakaa siku 2. Ukiona _ga, hiyo ni Google Analytics, huduma ya Google ya takwimu za wageni, inakaa miaka 2. Ukiona _fbp, hiyo ni pikseli ya Meta, yaani msimbo wa matangazo wa wenye Facebook, miezi 3. Hizo mbili za mwisho zikiwepo wakati hujabofya kitu, tovuti yako ina kosa tayari.

Tazama na Local Storage, hapohapo jirani; ni ghala jingine la kivinjari ambamo tovuti inaweza kuhifadhi taarifa. Sheria ya Ulaya inazungumzia kuhifadhi au kusoma taarifa yoyote kwenye kifaa cha mtumiaji, kwa hiyo kuhama kutoka kuki kwenda huko hakukuokoi.

Halafu rudia kwenye kurasa za ndani. Mimi niliwahi kukabidhi tovuti ambayo ukurasa wa mwanzo ulikuwa safi kabisa, ila ukurasa wa malazi ulikuwa na video ya YouTube niliyoisahau, ikipanda kuki zake kimyakimya. Mgeni mmoja kutoka Ujerumani aliiona kabla yangu, akamwandikia mteja wangu barua ya adabu sana. Tangu siku ile napima kila ukurasa wenye video au ramani.

HATUA YA 2: Ondoa usichohitaji

Pikseli ya kampeni iliyokwisha mwaka juzi inafanya nini humo? Ing'oe. Usichokiweka hakikudai ridhaa. Fonti za Google (maumbo ya herufi) zipakue uziweke kwenye seva yako mwenyewe: mahakama ya München, tarehe 20 Januari 2022, ilimwamuru mwenye tovuti kumlipa mgeni euro 100 kwa sababu fonti hizo zilipeleka anwani yake ya IP kwa Google bila ridhaa. Video nazo, weka picha tu yenye alama ya kucheza; YouTube yenyewe iitwe mgeni akishabofya na kujua anaita nini.

HATUA YA 3: Tenganisha za lazima na za hiari

Jiulize: huduma ambayo mgeni mwenyewe ameiomba, itakufa bila kuki hii? Kapu, kuingia kwenye akaunti, usalama wa malipo, kukumbuka jibu lake kuhusu kuki: hizo ni za lazima, hazihitaji ridhaa, ila zitajwe. Takwimu za wageni na matangazo ni za hiari. Kwamba wewe mwenye biashara unazihitaji sana hakuzifanyi kuwa za lazima kwa mgeni.

HATUA YA 4: Zizuie mpaka jibu lije

Hapa ndipo tovuti nyingi zinapoanguka. Kwenye WordPress, programu-jalizi (vifaa vya kuongezea kwenye tovuti) kama Complianz au CookieYes zinaweza kuzuia skripti, yaani vipande vya msimbo vinavyopanda kuki, lakini hakikisha uzuiaji umewashwa kwenye mipangilio; kuna wanaoweka bango tu wakaondoka. Ukiandika kwa mkono, badilisha skripti ya hiari kutoka type="text/javascript" iwe type="text/plain". Kivinjari hakitaiendesha mpaka msimbo wa bango lako uirudishe baada ya mgeni kukubali.

Wanaotumia lebo za Google, yaani misimbo yake ya takwimu na matangazo, waweke hali ya kuanzia kuwa denied (imekataliwa) kwa ruhusa zote nne: analytics_storage, ad_storage, ad_user_data na ad_personalization. Kuna namna mbili za Consent Mode, mpangilio wa Google unaoziambia lebo zake mgeni amejibu nini. Ile ya juu inapakia lebo na kutuma ishara kwa Google hata kabla ya ridhaa, bila kuki. Ile ya msingi haipakii lebo kabisa mpaka mgeni akubali. Mimi natumia ya msingi, na nawashauri hivyohivyo.

HATUA YA 5: Andika bango la haki

"Nakubali" na "Nakataa" vikae pamoja, ukubwa mmoja, rangi zenye nguvu sawa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulikuwa bofyo moja na kukataa kulihitaji kadhaa. Visanduku visiwekewe tiki mapema; Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimaliza mjadala huo tarehe 1 Oktoba 2019 katika kesi ya Planet49, ikaongeza kwamba mgeni aambiwe muda wa kuki na kama watu wa nje wataifikia.

Maneno yangu huwa haya: "Tungependa kutumia Google Analytics kujua kurasa zipi zinasomwa. Kuki zake hukaa hadi miaka 2. Ukikataa, tovuti itafanya kazi vilevile." Ukurasa wa Kijerumani, bango la Kijerumani.

HATUA YA 6: Tunza jibu, acha mlango wazi

Hifadhi tarehe, chaguo na toleo la bango. Chini ya kila ukurasa weka kiungo "Badili uamuzi wa kuki", maana kuondoa ridhaa kunatakiwa kuwa rahisi kama kuitoa. Aliyekataa usimsumbue kila siku. CNIL wanapendekeza jibu likumbukwe miezi 6. Kisha rudia hatua ya 1, na kila ukiongeza programu-jalizi, rudia tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mombasa: Asalaam aleikum mwalimu. Nauza kanga na madera Kenya tu. Haya ya Ulaya yanihusu?

Jibu: Waaleikum salaam. Mzungu mmoja kupita dukani hakukufanyi uwe unalenga Ulaya. Ila Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 32 kinakubebesha wewe mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Wa Tanzania nao, sheria yetu ya taarifa binafsi inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na inataka wakusanyaji wasajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fuata hatua hizihizi.

Mwanachama wa Dodoma: Mwalimu, nina AdSense, matangazo ya Google ya kunilipa kwenye tovuti yangu. Bango la kujitengenezea linatosha?

Jibu: Kwa wasomaji wa Ulaya na Uingereza, halitoshi. Tangu tarehe 16 Januari 2024 Google wanataka mfumo wa ridhaa waliouidhinisha wao. Wanao wa kwao wa bure ndani ya AdSense. Uwashe, kisha uchague mpangilio wenye kitufe cha kukataa.

Mwanachama wa Dar: Bosi anasema takwimu zitashuka.

Jibu: Zitashuka kweli dada, mwambie ukweli huo mapema. Maombi ya safari utaendelea kuyahesabu kwenye fomu na barua pepe, na hayo ndiyo yanayolipa mishahara.

Mwanachama wa Moshi: Naweza kuwaonyesha bango Wazungu tu, kwa kuangalia IP?

Jibu: Inawezekana kiufundi, lakini mimi sifanyi. Siwezi kumwomba Mjerumani ruhusa halafu jirani yangu wa Usa River nimfuatilie kimyakimya.

Mwanachama wa Kampala: Bango langu linarudi kila ukurasa hata nikikubali.

Jibu: Angalia kama jibu linahifadhiwa kwenye anwani yenye www huku kurasa nyingine zikifunguka bila www. Elekeza zote kwenye anwani moja, futa kashe ya tovuti, kisha jaribu upya kwenye dirisha la faragha. Likiendelea, weka hapa picha ya kichupo cha Application tuitazame.