Bima ya afya Marekani: piga hesabu ya mwaka mbaya kabla ya kuchagua

Dirisha la kujiandikisha kwenye soko la bima la HealthCare.gov hufunguliwa tarehe 1 Novemba. Siku ya kufungwa hubadilikabadilika na majimbo hayalingani, kwa hiyo jiwekee 15 Desemba kuwa mwisho wako, ili bima ianze kazi 1 Januari. California, New York, Minnesota, Washington, Pennsylvania na Maine ni miongoni mwa majimbo yenye tovuti zao. Chagua jimbo lako ndani ya HealthCare.gov, nayo itakupeleka panapohusika. Usianzie kwenye tangazo la Facebook. Huko ndiko inakouzwa mipango ya muda mfupi, ambayo inaweza kukataa kulipia ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga.

Hatua ya 1: Makaratasi mezani

Namba za Social Security, green card au I-94 (rekodi ya kuingia kwako nchini) au kibali cha kazi, hati za mshahara za karibuni, fomu ya kodi ya mwaka jana. Ongeza majina ya madaktari wenu na chupa zenyewe za dawa, si majina ya kukumbuka tu: metformin ya kawaida na ile ya kuyeyuka taratibu zinaweza kuwa na bei tofauti kwenye mpango uleule.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati ya uhamiaji, herufi kwa herufi, hata kama afisa alilikosea. Mwenye majina matatu akiligeuza la mwisho kuwa la katikati, mfumo haumtambui, na barua ya kudai uthibitisho inafuata. Barua hiyo ina tarehe ya mwisho. Ukiipuuza, unaweza kupoteza ruzuku (msaada wa serikali unaopunguza ada ya bima) au bima yenyewe.

Hatua ya 2: Kipato cha mwaka ujao

Hapa ndipo watu wengi huumia. Kinachoulizwa ni makadirio ya mwaka unaokuja, kwa wote walio kwenye fomu yako ya kodi. Mama aliyeko Bukavu hahesabiwi, na dola 200 unazomtumia kila mwezi hazipunguzi kipato chako hata senti. Dereva wa Uber aandike kinachobaki baada ya gharama halali za biashara, ikiwemo maili alizoendesha, si jumla iliyoingia kwenye simu.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Kuanzia mwaka wa kodi 2026, ruzuku uliyopewa kupita haki yako hurudishwa yote. Kikomo kilichokuwa kikiwalinda wenye kipato cha chini na cha kati kimeondolewa. Na kwa bima ya 2026, anayeishi peke yake akipita dola 62,600, au familia ya watu wanne ikipita 128,600, ruzuku inakatika kabisa. Ukiongezewa saa za kazi mwezi wa Mei, badilisha makadirio Mei hiyohiyo.

Watoto wakipelekwa Medicaid au CHIP, bima za serikali kwa wenye kipato kidogo na kwa watoto, na wewe ukabaki sokoni, hakuna kosa. Programu hizo mbili hazina dirisha. Huombwa wakati wowote.

Kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi: kuanzia 2027 sheria inawaondoa kwenye ruzuku wasio na green card. Mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini aombe green card bila kungoja.

Hatua ya 3: Kizingiti na dari

Kila mpango una namba tatu kubwa. Ya kwanza ni ada ya mwezi. Ya pili, inayoandikwa "deductible", ni kizingiti: fedha unazojilipia kabla bima haijaanza kuchangia matibabu mengi. Ya tatu, "out-of-pocket maximum", ni dari: ukishaifikia, bima inalipa matibabu yote inayoyagharimia kwa mwaka uliobaki, mradi ni ndani ya mtandao wake, yaani kwa madaktari na hospitali zenye mkataba na mpango huo. Kwa 2026 dari haiwezi kupita dola 10,600 kwa mtu mmoja.

Mipango hupangwa kwa ngazi, zikiwemo Bronze, Silver na Gold. Tuseme mpango wa Bronze ni dola 95 kwa mwezi, kizingiti 7,500, dari 9,200. Wa Silver ni dola 160, kizingiti 500, dari 2,500. Usipougua, Bronze inakugharimu 1,140 kwa mwaka na Silver 1,920, umeokoa 780. Ukifanyiwa upasuaji wa dola 40,000, Bronze inafika 10,340, Silver 4,420. Kwa ajili ya 780 umejiweka kwenye hatari ya karibu 6,000.

Silver yenye kizingiti kidogo hivyo haitokei kwa kila mtu. Ni punguzo la ziada kwa wasiozidi asilimia 250 ya mstari wa umaskini, kiwango cha kipato kinachowekwa na serikali (kwa bima ya 2026, dola 80,375 kwa watu wanne), na hupatikana kwenye Silver pekee. Mwenye haki hiyo akichagua Bronze, ameiacha mezani. Ukizidi kiwango hicho, linganisha pia Gold, pengine inashinda.

Hatua ya 4: Daktari na dawa

Piga simu kliniki. Usiulize "mnapokea kampuni fulani?", maana kampuni moja huwa na mitandao kadhaa. Wasomee jina kamili la mpango, pamoja na mwaka. Mipango ya aina ya HMO na EPO (herufi hizo huwa kwenye jina au maelezo ya mpango) kwa kawaida hailipii nje ya mtandao isipokuwa dharura. Kisha fungua orodha ya dawa ya mpango huo na utafute kila chupa.

Hatua ya 5: Lipa mwezi wa kwanza

Kubonyeza kitufe cha mwisho hakukupi bima. Inaanza ukishalipa ada ya kwanza kwa kampuni yenyewe, na bili yake huja na bahasha inayofanana kabisa na matangazo. Ukiona siku zinapita bila bili, ipigie kampuni hiyo, usingoje posta.

Ukikwama popote, piga 1-800-318-2596, useme "Swahili", na usubiri mkalimani. Ni bure.