Jinsi ya kujua kama tumbili wanaongea au wanapiga kelele tu

Kama kwenu kuna tumbili, wale wezi wa ndizi, basi maabara unayo bure. Kwanza kaa mbali utulie, na usiwape chakula maana wakishakuzoea watabaki kukuomba wewe badala ya kuendelea na mambo yao. Mmoja akipiga ukelele wa hatari usimwangalie yeye, angalia wenzake wanafanya nini, hapo ndo penye siri. Wakikimbilia juu ya mti, ametaja chui. Wakiangalia angani na kujitupa vichakani ni tai, na wakisimama kwa miguu miwili wakichungulia majani basi kuna nyoka.

Utasema labda wamemwona chui wenyewe. Sawa, ndo maana watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi hizo sauti kule Amboseli, Kenya, wakazipiga kwenye spika iliyofichwa, chui hayupo, nyoka hayupo, na tumbili bado wakafanya vilevile, matokeo yakatoka 1980. Vitoto navyo hukosea, vinaweza kupiga ukelele wa tai kumbe ni jani linaanguka (hapo mi nilicheka sana).

Ukitaka kuona jamii yao, tazama nani anampisha nani kwenye msosi. Binti hurithi cheo cha mama yake, madume wakikua wanahamia kundi lingine.

Ila kabla hujatangaza kwamba ni lugha kamili, jaribu kutafuta tumbili anayesimulia chui wa jana. Mi bado sijampata.