Mwanafunzi anayefanya kazi Marekani na bado ni tegemezi wa wazazi

Kuwa na kipato hakumwondoi mwanao kwenye ritani yako (fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka). Anabaki tegemezi ikiwa hajatimiza miaka 24 kufikia Desemba 31, amesoma kwa muda wote walau miezi 5 ya mwaka, ameishi kwako zaidi ya nusu mwaka (bweni la chuo huhesabiwa kama kwako), na hajajigharamia zaidi ya nusu ya matumizi yake.

Kwa mwaka wa kodi 2024, tegemezi asiye na ndoa alilazimika kuwasilisha ritani yake mwenyewe mshahara ukizidi dola 14,600, au riba na gawio vikizidi 1,300. Kazi za kujitegemea, kama kupeleka vyakula, kikomo ni kidogo mno: faida ya dola 400 tu. Hapo ndipo wengi hunaswa.

Hata akiwa chini ya viwango hivyo, tazama kisanduku namba 2 cha W-2, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato. Kama kuna kodi ya mapato iliyokatwa, awasilishe ili arudishiwe. Ana miaka 3 ya kudai.

Kosa linaloumiza zaidi ni kijana kuharakisha ritani kwa simu bila kuweka alama kwamba mtu mwingine anaweza kumworodhesha kama tegemezi. Ya mzazi ikifuata kwa mtandao, kwa kawaida hukataliwa, na kijana hulazimika kurekebisha yake kwa fomu 1040-X. Kaeni pamoja kwanza, mkubaliane, ndipo yeyote abonyeze kutuma.