Ukiziba tundu la ndege, hesabu mpaka uzibue

Nimeosha ndege miaka kumi na tisa. Kijana mgeni akiletwa kwenye zamu yangu, simpi ndoo kwanza. Nampeleka ubavuni mwa ndege nimwonyeshe vitundu vidogo kama vya chujio la chai. Kwa vitundu hivyo ndege inapima hewa ya nje, ijue iko juu kiasi gani na inakwenda kasi gani. Maji ya sabuni yakiingia humo ni balaa, kwa hiyo tunaviziba.

Tepu iwe ya rangi ya kuwaka. Ya fedha usiiguse, hata kama ndiyo pekee iliyobaki stoo. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku kwenda Santiago, tepu ya kuoshea bado imebandikwa kwenye vitundu vya ubavu wa kushoto. Angani, vipimo vya urefu na kasi vikawa vinadanganya. Onyo la kasi iliyozidi na onyo la kasi iliyopungua yakalia kwa pamoja, na chini ni bahari na giza tupu. Wote 70 walikufa. Aliyeibandika alisahau, msimamizi hakuona, na rubani aliyeizunguka ndege hakuona.

Kifuniko kiwe na utepe mwekundu mrefu, ila usiutegemee. Julai 2018, Brisbane, Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliruka na vifuniko kwenye mirija yote mitatu ya kupimia kasi. Viliwekwa kuzuia nyigu wasijenge humo. Ilirudi ikatua salama, namshukuru Mungu.

Kabla ya kuziba, andika idadi kwenye kitabu cha ufundi, kisha kwenye kiganja chako. Ukishazibua, mwenzako ndiye ahesabu. Zamu ikibadilika katikati, usimwambie anayepokea "bado kidogo". Mshike mkono, aguse kila tundu.

Usiku mmoja kiganjani nilikuwa na sita, sandukuni tano. Abiria walikuwa ndani ya basi na msimamizi ananifokea. Nikagoma, ndege haiondoki. Tukapanda ngazi, tukapapasa kila tundu, yote yako wazi. Baada ya dakika ishirini kifuniko cha sita kikapatikana kwenye mfuko wa koti langu la mvua.

Nikapewa barua ya onyo. Nimeibandika ndani ya mfuniko wa lile sanduku, kwa tepu nyekundu.