Kagua malipo ya vibarua kabla ya kusaini hati ya malipo ya mkandarasi

Kazi yangu ni kukagua masuala ya ajira kwenye miradi ya serikali hapa Tanzania, barabara na majengo. Zege linapimwa, nondo zinahesabiwa, lakini malipo ya aliyemwaga zege hilo mara nyingi hayaulizwi na mtu. Hela ni ya umma. Ikitoka na kibarua akapunjwa, sisi tuliosaini tumehusika. Kama uko upande wa mhandisi mshauri au halmashauri, fanya hivi.

Hatua ya 1: Soma mkataba wa mradi

Tanzania iliridhia Mkataba Na. 94 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1949, unaohusu masharti ya kazi kwenye mikataba ya umma. Unawagusa pia wakandarasi wadogo, na unataka pawepo njia, kama vile kuzuia malipo ya mkandarasi, ili wafanyakazi wapate chao. Hakikisha sharti hilo limo kwenye nyaraka za zabuni. Mkataba wa mradi ukishasainiwa bila hilo, utabaki kubembeleza.

Hatua ya 2: Pata kiwango sahihi

Chukua Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa. Kwenye ujenzi, kiwango hufuata daraja la mkandarasi, kwa hiyo usibebe cha mradi uliopita.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe

Hapa usiharakishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kupata malipo ya saa moja, gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 (wastani wa wiki kwa mwezi), kisha kwa 45. Yaani takribani 195. Tuseme fundi analipwa shilingi 390,000 kwa mwezi (ni mfano tu wa hesabu). Saa yake ni 2,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu: 3,000. Akifanya kazi sikukuu au siku yake ya mapumziko ya wiki, saa ni 4,000. Usiku anaongezewa asilimia 5. Saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, hata kama mradi umechelewa.

Angalia na makato. Ukikuta wamekatwa hela ya helmeti au buti, simamisha hapo hapo: vifaa vya kinga ni gharama ya mwajiri. Ukikuta wamekatwa michango ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), omba risiti ya michango kuwasilishwa, kwa majina.

Hatua ya 4: Linganisha daftari na watu

Fika asubuhi bila taarifa, uhesabu vichwa. Kisha zungumza na vibarua mmoja mmoja, mnyapara akiwa mbali. Saiti moja nilikuta daftari la mahudhurio safi mno: sahihi za watu zaidi ya thelathini, kalamu moja, mkono mmoja. Kijana mmoja akavua helmeti akanionyesha ndani. Alikuwa amechora kijistari kwa kalamu ya maka kila siku aliyofanya kazi. Vilikuwa 26. Daftari lilimwandikia 19. Kwa 15,000 kwa siku, alikuwa amepotezewa 105,000.

Kila anayefanya kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi kwa mwajiri mmoja anastahili maelezo ya ajira kwa maandishi. Mwajiri asipoyatoa, mgogoro ukifika mbele ya sheria yeye ndiye wa kuthibitisha masharti yalikuwaje. Waambie vibarua jambo hili. Wengi hudhani asiye na karatasi hana haki.

Hatua ya 5: Funga malipo kwenye hati

Hati ya malipo ya mkandarasi isipite bila orodha ya malipo ya wafanyakazi wote, wa mkandarasi mdogo wakiwemo. Ukikuta upungufu, mwandikie barua yenye majina, siku na kiasi. Akikaidi, mwite Afisa Kazi, ambaye anaweza kumpa amri ya kutimiza sheria. Wafanyakazi nao wana siku 60 kupeleka dai la malipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na siku 30 kama wameachishwa kazi isivyo halali.

Siku mapunjo yanapolipwa, kaa mezani na orodha yako. Kijana wa helmeti alihesabu noti zake mara mbili, akatia dole gumba. Nilisubiri hadi jina la mwisho, ndipo nikasaini hati.